Zungusha Kwanza, Term Iishe

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wetu wa ngumbaru, darasa ya watu wazima, pale kanisani amesema kila mtu aandike kitu kila siku, hata kama ni mstari moja, ndio mkono uzoee. Mimi niliachia darasa la nne huko Mwala, kwa hivyo ukiona makosa humu nyamaza tu, usinicheke. Jina ni Mukai, lakini hapa Njiru wote wananiita Mama Mbaluka. Nauza uji na chai kando ya barabara, ukuta moja na Ndeti wa pancha. Ndeti ni mtoto wa ndugu ya bwanangu, ananiita mwaitu kama mama yake, halafu uji anataka kikombe ijae mpaka imwagike. Hapa kwangu hakuna redio. Redio ni mimi.

Leo hakuna habari. Jua kali, vumbi ya machimbo mpaka kwa mandazi.

Jumanne, 4 Machi

Leo iko. Gari ya shule, ile van nyeupe inayobeba watoto wa hii mtaa, imeletwa kwa Ndeti na pancha. Dereva ni Phares, bwana ya Khavere anayeuza sukuma mbele yangu. Mjukuu wangu Mbinya hupanda hiyo gari, na Kate wa Nyawira pia, tunakaa ploti moja mlango kwa mlango. Mwenye gari ni Gichuru, mzee wa kanisa, yule wa suti ya kahawia.

Ndeti akatoa tairi ya mbele, akaniita. "Mwaitu, kuja uone maajabu."

Mimi nikaona tairi nzuri tu, meno iko. Akaizungusha nione upande wa ndani, ule unaangalia chini ya gari. Woi! Hakuna meno, ni kipara, na hapo kwa ukingo waya zinachungulia kama ndevu za mzee.

"Kwani imeliwa na panya?"

"Imeliwa na gari yenyewe. Tairi ni kama kiatu. Si unajua mtu akitembea vibaya soli inaisha upande moja? Ukiona imeisha katikati, huyo mtu anajaza upepo mingi. Imeisha kando zote mbili, upepo ni kidogo. Ikiwa na mabonde mabonde kama barabara ya huku, shoku zimekufa. Sasa hii imeisha ndani pekee yake. Magurudumu haziangalii mbele sawa, alaimenti imepotea. Na huwezi kuona ukisimama nje. Lazima uiname, utie mkono."

Mimi nikamwambia huyo ni kama mtu fulani wa kanisa, nje anang'ara ndani ni kipara. Tukacheka mpaka Ndeti akaangusha spana.

Gichuru akakuja. Ndeti akamwambia hizi mbili za mbele ni za kutupa, na gari iende alaimenti kwanza. Gichuru akaangalia saa yake. "Huwa mnazizungusha, si ndio? Za nyuma zije mbele, hizi ziende nyuma. Zungusha kwanza, term iishe, tutaona."

"Mzee, kuzungusha ni ya tairi imeliwa kidogo..."

"Fundi. Zungusha."

Ndeti akazungusha. Phares alikuwa amesimama hapo wakati wote na hakusema neno. Huyo mwanaume ni maneno mbili kwa siku, moja ya asubuhi moja ya jioni. Mimi mtu wa kunyamaza hivyo simwamini, lazima kuna kitu amekalia. Lakini angalau gari imetengenezwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeuza uji yote kabla ya saa tatu. Mbinya amepata ishirini na nane kwa thelathini ya hesabu.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa kuna kitu nimeona na macho yangu. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, watoto hawajafika, Phares amesimamisha gari hapo mbele ya Ndeti. Akashuka. Akapiga magoti huko nyuma karibu na gurudumu, mkono moja ameshikilia gari, kichwa chini. Akakaa hivyo dakika mzima. Akainuka akipangusa mkono kwa suruali. Macho nyekundu kama nyanya.

"Phares, uko sawa?"

"Niko sawa, mama."

Akaingia kwa gari. Sasa mtu akipiga magoti kando ya gari asubuhi na macho ni nyekundu, anafanya nini kama hatapiki? Lydiah wa mtumba alikuwa hapa akikunywa chai, nikamwambia, "Huyu jana alilala kwa mama pima, kwa pombe." Lydiah akacheka mpaka chai ikamtoka na mapua. Nilisema tu vile mtu husema.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeingia. Ya kwanza. Kila mtu amefurahi isipokuwa mimi, karatasi ya kibanda inavuja.

Jumatano, 12 Machi

Matope imeanza. Gari ya shule imepita ikienda hivi na hivi kama bata, matako ya gari inaenda huku na uso inaenda kule. Nikasema aa, tairi si zilizungushwa? Kwa hivyo si gari, ni dereva. Nikaambia wawili watatu. Mama wa kuuza mayai, yule kijana wa maji, na sijui nani mwingine. Mtu anakaa kwa kibanda yako anakunywa chai, utamwambia nini, hali ya hewa?

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeambiwa na mama mmoja wa huko ng'ambo ya barabara, simjui hata jina, amekuja kununua mandazi. Ati Phares alipatikana amelala ndani ya gari ya shule na chupa kwa mapaja.

"Nani alimwona?"

"Watu wote wanajua, mama. Wewe ndio hujui?"

Nikashika mdomo. Kumbe ni ukweli! Na mimi nilikuwa nacheza tu. Jioni nikamwambia Nyawira tukianua nguo, "Unaona sasa? Mimi nilisema wiki iliyopita." Nyawira akasema Ngai, Mungu wangu, na watoto wetu wako ndani. Nikamwambia tuwaombee.

Jumatatu, 17 Machi

Khavere amenifuata leo mpaka ndani ya kibanda. Khavere si mtu wa kelele. Alisimama tu na kisu yake ya kukata sukuma mkononi, amesahau kuiweka chini.

"Mama Mbaluka. Umesema bwanangu ni mlevi?"

"Mimi? Mimi nilisikia tu."

Na ni kweli, nilisikia. Jumamosi.

"Phares hajawahi kunywa. Wewe tumekaa na wewe miaka sita. Ungeniuliza."

"Na hayo macho?"

"Ni vumbi. Anatiwa dawa kwa macho tangu Januari. Ungeniuliza, mama."

Akarudi kwa sukuma yake. Siku mzima hakuniangalia. Nikasema moyoni, mke yeyote angesema hivyo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Choo ya ploti imejaa.

Alhamisi, 20 Machi

Hii siku ningependa isingekuwa kwa kalenda.

Gichuru alikuja kwa Ndeti na ile gari yake ndogo, anataka kuwekewa upepo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia ya gunia nikiosha vikombe, hawakuniona. Phares akafika na van, akashuka, akaenda kwa Gichuru. Na akaongea. Mimi sijawahi kusikia huyo mwanaume akiongea hivyo.

"Mzee, ile ya nyuma kulia waya zimetoka. Kila asubuhi natia mkono huko ndani nikiangalia, na kila asubuhi zimeongezeka. Leo imenidunga. Na hizo nzuri tulileta mbele, nazo zimeanza kuisha ndani, kwa sababu ugonjwa haukutoka. Mvua ikinyesha gari inateleza matako. Nimebeba watoto kumi na nne."

Akamwonyesha kidole. Nilichungulia kwa tundu ya gunia, nikaona damu kidogo kwa kidole.

Ndeti naye akasema, "Mzee, hata mimi nilikuambia."

Gichuru hakukasirika. Hiyo ndio ilinitisha. Akatabasamu vile hutabasamu akipitisha sahani ya sadaka. "Phares, mimi mambo yako nayasikia. Kila mahali napita naambiwa. Wazazi wanaongea. Wewe shukuru bado uko na kazi. Gari inateleza kwa sababu dereva anateleza. Usiniambie tairi."

Phares akasema, "Mambo gani?"

"Unajua."

"Sijui, mzee."

"Term iishe," Gichuru akasema, akaingia kwa gari yake.

Nikabaki na kikombe mkononi. Kila asubuhi natia mkono huko ndani. Hiyo ndio ilikuwa ile magoti. Alikuwa anapapasa tairi. Mimi nakaa hapa ukuta moja na fundi, fundi ameniambia lazima uiname utie mkono, halafu nimeona mtu ameinama ametia mkono nikasema anatapika.

Na sasa amesema ukweli na hakuna mtu atamsikia, kwa sababu yangu.

Nitamwambia Gichuru kesho. Nitamwambia hiyo maneno ilitoka kwangu.

Ijumaa, 21 Machi

Gichuru hakupita.

Mbinya nimempeleka shule kwa mguu. Ni dakika arobaini na matope mpaka magoti. Amelia njia yote, anataka kukaa na Kate kwa gari. Nyawira akatuona tukitoka. "Mbona Mbinya hapandi gari leo?"

Nikamwambia, "Wacha anyooshe miguu, amekuwa mzito."

Akacheka. Akampandisha Kate.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nikisema ni tairi, ataniuliza, si wewe uliniambia ni pombe? Na akienda kwa Gichuru, Gichuru atauliza ni fundi gani amezungusha tairi ya waya, na huyo ni Ndeti wetu. Nikafunga.

Jumatatu, 24 Machi

Gichuru amepita na watu wawili wa kamati ya kanisa. Nilijipanga tangu asubuhi. Nikatoka mpaka nje ya kibanda, nikapangusa mikono.

Nikasema, "Habari ya asubuhi, mzee."

Akasema nzuri.

Basi.

Jumanne, 25 Machi

Mvua usiku na mchana. Mbinya ana homa, amebaki nyumbani. Kate amempitishia peremende kwa mlango kabla ya gari kuja. Nusu, amekula nusu nyingine.

Jumatano, 26 Machi

Naandika kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Ilikuwa saa moja kasorobo. Nilisikia kishindo kama transfoma imelipuka, halafu kimya, halafu nduru za akina mama wa huko chini. Ni pale barabara inateremka kwa daraja. Nilikimbia na aproni. Njia yote nilikuwa najua. Watu wananipita wakiuliza ni nini, ni nini, na mimi pekee yangu nakimbia nikijua.

Van ilikuwa kwa mtaro, upande. Ile gurudumu ya nyuma kulia ilikuwa juu, tairi imepasuka imening'inia kama ngozi ya mbuzi. Ilipasukia hapo kwa mteremko, matako ikazunguka, ikagonga ile simiti ya daraja. Wanaume walikuwa wanatoa watoto kwa dirisha. Wengine wanalia, na mtoto akilia unashukuru. Nilishika mmoja, nikashika mwingine, nilikuwa nawahesabu na sauti kama mwehu. Kumi na tatu. Mbinya alikuwa nyumbani. Wanapaswa kuwa kumi na tatu, nikasema wametimia, asante Yesu, halafu nikaona huyu wa kumi na tatu mwanaume aliyemtoa hampeani kwa mtu. Amemshikilia tu kwa kifua. Soksi moja.

Kate.

Nyawira alifika na slipasi ya kuogea. Mimi siandiki hiyo.

Phares alikuwa ametoka kwa mlango ya mbele, kichwa imepasuka, damu imemfunika uso, na bado anarudi ndani kutafuta wa kumi na nne, mtoto ambaye hayuko. Ndio mtu mmoja akapiga kelele, "Mlevi huyo! Si huyo ndio mlevi!" Na wengine wakashika. Mlevi! Mlevi! Wakaanza kuokota mawe. Watu hata simjui mmoja, watu wa ng'ambo, watu wa boda, wanaitana na hiyo neno kama wimbo. Neno yangu. Nililitengeneza na Lydiah kwa kikombe cha chai na sasa limeokota mawe.

Ndeti ndiye alimlalia juu. Alimlalia na mwili wake mpaka polisi wakaja. Alipigwa jiwe kwa mgongo.

Mimi nilisimama. Mdomo huu, ambao haujawahi kufungwa, haukutoa hata sauti.

Alhamisi, 27 Machi

Phares alishonwa kichwa hospitali, halafu akapelekwa seli. Hakuna mtu alimpima pombe. Hakuna mtu aliona haja.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepika chai ya matanga. Watu wamekaa kwa Nyawira. Wanaongea pombe, pombe, pombe. Mmoja akanigeukia akasema, "Mama Mbaluka alisema mapema. Huyu mama anaonanga mbele." Nyawira akanishika mkono.

Nikautoa nikasema nimewacha sufuria kwa moto.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya kanisa Gichuru ameniita kando. Suti ni ile ile. Macho yake yamelia, hiyo sikatai, ni mtu.

"Mama Mbaluka, wewe ndiye ulijua tabia ya huyo kijana. Mimi naumia, sikuwasikiliza. Polisi wanataka mtu wa kuandika statement, mtu aliyemwona akiwa amelewa. Ni wewe ulimwona akitapika kando ya gari, si ndio?"

Ona vile imefika kwake. Na mapambo yote.

"Nilimwona amepiga magoti," nikasema.

"Basi sema hivyo hivyo. Ufanye kwa ajili ya mtoto."

Nikamwambia nitafikiria. Sijala leo.

Jumatano, 2 Aprili

Tumezika Kate kwao Murang'a. Sanduku ndogo hivyo inabebwa na watu wawili. Mvua ilinyesha, udongo ulikuwa mzito, vijana walikuwa wanateleza na majembe.

Khavere alikuja. Alisimama mbali kwa ua, na mtoto mgongoni, hakukaribia. Wanawake fulani wakamfukuza.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo shule zimefunga. Term imeisha.

Jumatatu, 7 Aprili

Ndeti hajakuja kazi siku nne. Leo amekuja, akakaa kwa benchi yangu, hakuomba uji. Mgongo bado inamuuma.

"Mwaitu, Gichuru amenipigia. Mkaguzi wa magari anakuja kesho kuangalia van. Iko pale nje ya stesheni ya polisi, kando ya ukuta, na zile zingine za ajali. Anataka niende asubuhi mapema kabla yake. Nitoe hiyo tairi ya waya, niweke nzuri, halafu niipasue na kisu. Ionekane ilipasukia kwa daraja."

"Na wewe ukasema?"

"Nilisema sawa." Akaanza kulia, mtu mzima na ndevu. "Mimi ndiye nilizungusha, mwaitu. Hiyo tairi ikikaa hapo, wataniuliza. Ikitoka, Phares anaoza ndani. Niambie nifanye nini. Wewe huwa na maneno."

Nilifunga kibanda saa nane mchana, sijawahi.

Nyawira alikuwa kwa kamba, anaanika. Alikuwa amefua nguo za shule za Kate. Mimi nilikuwa nimepanga vile nitaanza, nitaingilia huku, nitatokea kule, najua kupindisha hadithi. Nikafika mbele yake hayo yote yakapotea.

"Nyawira. Phares hakuwa amelewa. Mimi ndiye nilianza hiyo neno. Sikumwona akinywa. Nilimwona amepiga magoti akiangalia tairi, nikasema anatapika, ndio watu wacheke. Ni tairi iliua Kate. Ilikuwa imeisha upande wa ndani, Gichuru aliambiwa mbele yangu, Ndeti akaizungusha ikaenda nyuma, na mimi nilijua."

Aliendelea kuanika. Akaweka kibanio cha kwanza, akaweka cha pili.

"Nilikuwa nimepata mtu wa kuchukia," akasema. "Nilikuwa nimeanza hata kulala."

"Najua."

"Hujui." Akakunja kola ya shati, akainyoosha. "Ulijua lini?"

"Tarehe ishirini. Waya niliziona tangu mwanzo, lakini kujua kabisa, ishirini."

Nikaona anafikiria. Akanigeukia polepole sana.

"Mbinya ulimtoa kwa gari lini?"

Hapo ningeweza kudanganya. Hapo hakuna mtu angejua.

"Ishirini na moja."

Akahesabu na vidole, hapo kwa kamba, midomo ikienda bila sauti. Ijumaa. Jumatatu. Jumanne. Jumatano.

"Siku nne," akasema. "Tulikuwa tunapishana kwa choo siku nne. Ulinisalimia kila asubuhi. Uliniambia hata mambo ya binti ya Lydiah kuwa na mimba. Hiyo uliweza kuniambia."

Nikaenda chini. Hakuniinua. Hakunipiga pia, na ningependa anipige.

Alimaliza kuanika. Akashika beseni. Akiwa kwa mlango akasema bila kugeuka, "Hiyo gari iko wapi?"

Nikamwambia, na nikamwambia ile Ndeti ametumwa kufanya asubuhi.

"Nitatoka saa kumi na moja," akasema. Akafunga mlango.

Jumanne, 8 Aprili

Nilimpata tayari yuko nje na stuli mbili. Moja alibeba yeye, nyingine aliwacha chini, nikaibeba. Tukatembea mpaka stesheni.

Van iko pale kando ya ukuta, imekunjamana. Nyawira hakuangalia ndani. Alienda moja kwa moja nyuma kulia, akaweka stuli yake hapo mbele ya gurudumu, akakaa, mgongo umegusa tairi. Mimi nikaweka yangu kando. Askari mmoja akatoka akauliza tunataka nini. Nyawira akasema, "Mimi ni mama ya mtoto. Nangoja mkaguzi." Askari akarudi ndani. Baadaye alituletea mwavuli moja mbovu.

Saa kumi na mbili na kitu Ndeti akatokea na jeki na tairi begani. Akatuona. Akasimama katikati ya mvua.

Nyawira akamwambia, "Fundi, leo hakuna kazi hapa."

Ndeti akaangalia mimi. Mimi nikaangalia chini. Akaweka jeki. Akaweka ile tairi chini kwa matope, akaikalia, hapo hapo mbele yetu. Simu yake ikaanza kulia kwa mfuko. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Akaizima.

"Wataniuliza, nitasema," akasema. "Nilizungusha. Niliambiwa nikazungusha."

Tukakaa watatu. Watu wa kwenda kazi wanapita wanatuangalia, wengine wananijua, "Mama Mbaluka, kuna nini hapo?" Siku nyingine yoyote ningewaambia mpaka na yale hayako. Khavere alipita na kikapu, anapelekea bwana yake chakula. Alisimama. Nyawira akasogea kidogo kwa stuli yake, nafasi ya nusu mtu. Khavere hakukaa, lakini pia hakuondoka. Akasimama nyuma yetu na kile kikapu mpaka mwisho.

Mkaguzi alifika saa nne, mwanaume mfupi wa koti ya plastiki, na faili ndani ya karatasi ya nailoni. Akatushangaa.

"Nyinyi ni akina nani?"

"Mimi ni mama ya mtoto," Nyawira akasema. Akainuka, akasogeza stuli yake ndio aone. "Angalia upande wa ndani. Usisimame hapo, hutaona. Inama."

Mkaguzi akainama. Akatia mkono. Akakaa hivyo muda mrefu, na alipoutoa akaanza kuandika.

"Na huyu ni fundi," Nyawira akasema. "Atakuambia nani alimtuma, ile siku na leo."

"Na huyu?" Mkaguzi alininyooshea kalamu.

Nyawira hakuniangalia. "Huyu ni jirani yangu. Yeye ndiye alianzisha ati dereva ni mlevi. Na tairi alijua."

Mkaguzi akafungua karatasi mpya. "Ni kweli, mama? Ulimwona dereva akinywa?"

Nikasema hapana. Nikasema nilitunga.

"Sikusikii," akasema. "Mvua. Ongeza sauti."

Khavere alikuwa hapo nyuma yangu, nilikuwa nasikia pumzi yake.

Nikarudia.